Saa Moja Uani

Ipo dhuluma moja ambayo haifikishwi mbele ya kadhi wala hakimu. Anayeitenda humpenda anayetendewa, na anayetendewa hajui aliite nini jambo lililompata. Dhuluma hiyo ni kumnyima kijana mwenye kipaji cha kubuni hata saa moja ya siku yake. Hutendwa nyumbani, uani, kati ya jiko na birika la maji, na watu wema wasiokusudia ubaya. Wema wao hauifuti. Nakusudia kuishitaki hapa mbele yako, msomaji, na mahali nitakapochukua ushahidi wangu wa kwanza ni kisiwa cha Wasini.

Kisiwa hiki kiko kusini mwa pwani ya Kenya, katika Kaunti ya Kwale, nacho kinatazamana na Shimoni ng'ambo ya mkondo wa bahari. Urefu wake ni kama kilomita 5 na upana wake kama kilomita 1. Hakina barabara ya magari. Watu hutembea kwa miguu katika njia za mawe na mchanga. Wenyeji wake wa asili ni Wavumba, watu wenye lahaja yao ya Kiswahili, ambao mji wao wa kale, Vumba Kuu, ulikuwa bara, karibu na mahali ulipo leo mpaka wa Kenya na Tanzania. Ardhi ya kisiwa ni mwamba wa matumbawe. Hapana mto, na tangu zamani maji matamu yamekuwa adimu. Kwa sababu hiyo watu walijenga mabirika ya kukingia mvua, na kwa miaka mingi maji mengine yalivushwa kwa chombo kutoka bara.

Nimeyataja haya makusudi. Mahali ambapo kata moja ya maji ina thamani, kazi ya nyumbani si ukali wa wazazi, ni uhai. Asiyeteka maji hawezi kupika, asiyeshuka pwani hana kitoweo, na asiyetengeneza nyavu zake leo atarudi mikono mitupu kesho. Basi asije mtu akanisingizia kwamba mimi, kwa kuwa nashinda na chaki na vitabu, nawafundisha vijana kudharau jembe, kasia na ndoo. Kazi hizo naziheshimu. Ninachokataa ni dai kwamba zina haki ya kula siku nzima ya kijana, zisimwachie hata makombo.

Mtazame basi kijana wa mfano, msichana wa miaka 15. Simtaji mtu; nimemkusanya kutoka kwa wengi. Huamka alfajiri, hufagia ua, huteka maji birikani, huwasha moto, huchemsha chai, humvisha mdogo wake nguo, kisha huenda shuleni. Arudipo, nazi inamngoja juu ya mbuzi, na samaki wanangoja kuparuliwa magamba. Akimaliza vyombo kuna chuo cha Kurani. Akitoka chuoni kuna chakula cha usiku. Baada ya chakula kuna daftari la hesabu, halafu usingizi. Kijana huyu anajua kuchora, wala hakufundishwa. Nyuma ya daftari lake wamo samaki wa mwambani, kila mmoja na milia yake na mapezi yake, na zimo nakshi alizozibuni mwenyewe, ambazo zingeweza kutiwa katika ukili wa mkeka au katika kofia ya kushona kwa mkono. Siku moja, kati ya nazi na vyombo, anakaa kizingitini achore. Papo hapo sauti hutoka ndani: "Wewe, huna kazi?"

Lipime swali hilo, msomaji, nawe utaona kwamba halijibiki. Akisema anayo kazi, ataambiwa aende akaifanye. Akisema hana, atapewa. Na lililo baya zaidi ni kwamba swali hili haliulizwi kila mtu. Kaka yake aliyekaa barazani akipekua simu haulizwi. Jirani aliyekuja kuzungumza tangu adhuhuri haulizwi, bali huongezwa chai. Huulizwa yule tu ambaye mikono yake inatenda jambo ambalo nyumba haijalizoea. Maana yake ni kwamba uvivu umesamehewa, na ubunifu ndio uliosimamishwa kizimbani. Nauliza: ni nyumba gani yenye busara imwachayo mwenye kulala na kumkemea mwenye kutenda?

Najua majibu yatakayotolewa, maana nimeyasikia mara nyingi kwa wazazi na, kwa masikitiko, kwa walimu wenzangu pia. Nitayachukua moja moja.

Jibu la kwanza ni kwamba saa yenyewe haipatikani, kwa kuwa kazi ni nyingi kuliko mchana. Hili lingekuwa kweli kama siku zote zingekuwa sawa. Lakini mtu wa kisiwani hahitaji kufundishwa kwamba siku hazilingani. Mwezi uandamapo, na mwezi uwapo mpevu, ni wakati wa bamvua. Maji hupwa mbali, mwamba huonekana, na watu wa nyumba hushuka kutafuta pweza. Kati ya bamvua na bamvua huja maji mafu, ambapo bahari haipwi sana na mwamba hautoi mengi. Tena maji hayapwi wakati ule ule kila siku, bali huchelewa kwa kadiri ya dakika 50 kuliko siku iliyotangulia. Wazee wetu waliijua hesabu hii bila saa ya mkononi, nao waliipanga kazi kwa kuifuata. Nyumba iwezayo kupanga safari ya pweza kwa mwezi na maji haiwezi kusema kwamba imeshindwa kumpangia mtoto wake saa moja. Leo iwe alasiri, kesho iwe baada ya chakula; siku za bamvua iwe nusu saa, na siku za maji mafu deni lilipwe. Sidai kwamba ifuate mishale ya saa ya ukutani. Nadai saa iliyoahidiwa, ambayo kijana anajua kuwa ni yake, na kwamba hapana atakayemwita mpaka iishe.

Wala saa moja si kitu kidogo. Fanya hesabu pamoja nami. Saa 1 kila siku ni saa 365 kwa mwaka. Kijana akipewa saa hiyo tangu atimize miaka 13 mpaka atimize miaka 18, yaani kwa miaka 5, atakuwa amepata saa 1,825. Zigawe kwa siku ya kazi ya saa 8, utapata siku 228. Ni fundi gani wa mashua, au mshonaji, au mchoraji, atakayemkataa mwanagenzi aliyekwisha kufanya kazi siku 228 kwa hiari yake mwenyewe? Mzazi asiyekuwa na karo ya kumpeleka mtoto wake katika chuo cha sanaa anaweza kumpa chuo uani, na gharama yake ni kunyamaza tu.

Jibu la pili ni kwamba ubunifu hauliwi. Kwa jibu hili sina haja ya kwenda mbali. Karibu na kijiji cha Wasini pana uwanja wa matumbawe ya kale yaliyoachwa na bahari. Yamesimama juu ya ardhi kama masanamu, mikoko imeota kando yake, na maji ya bamvua huingia na kutoka. Mawe yale hayalimiki wala hayavuliwi. Kwa vizazi vingi mtu angeweza kusema kwamba hayana kazi. Akina mama wa kisiwa walijiunga katika kikundi, wakawa na njia ya mbao iliyoinuliwa juu ya uwanja ule. Wageni hupita juu yake wakitazama mawe na mikoko, nao hutoa kiingilio. Hao ni akina mama wale wale wakunao nazi na kuteka maji. Hawakuongezewa ardhi wala bahari. Walikitazama kitu ambacho kila mtu alikuwa amekizoea, wakakiona kwa jicho jingine. Kubuni ni huko, wala si zaidi. Laiti wangalivunjwa moyo kwa swali lile la "hamna kazi," mawe yangaliendelea kuwa mawe na mfuko wa kikundi ungalikuwa mtupu.

Twende kaskazini, ufuko ule ule wa bahari. Mwaka 2018, huko Lamu, mafundi walioongozwa na Ali Skanda walishusha majini jahazi liitwalo Flipflopi, lililoundwa kwa takataka za plastiki na kuvishwa kandambili za rangi nyingi zilizookotwa ufukoni. Mwaka 2019 jahazi lile lilisafiri mpaka Unguja. Kila kijana wa pwani ameziona kandambili zile mchangani, zimetupwa na mawimbi, na amezipita. Waliozigeuza kuwa chombo walikuwa na mambo mawili: ujuzi wa zamani wa kuunda vyombo, na uhuru wa kujaribu jambo ambalo babu zao hawakulifanya. Ujuzi wa zamani bado tunao katika pwani yetu. Uhuru wa kujaribu ndio tunaowanyima vijana.

Twende sasa kusini. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa Tunduru mwaka 1932, alianza kuchora picha mjini Dar es Salaam mwaka 1968. Hakungoja vifaa vya wachoraji wakubwa. Alichukua rangi za kupakia baiskeli na vipande vya ubao mwembamba, akachora ndege na wanyama. Alifariki mwaka 1972, yaani alipata miaka michache tu ya kuifanya kazi hiyo. Hata hivyo namna yake ya uchoraji imebaki na jina lake, na baada yake watu wengi wamelisha nyumba zao kwayo. Mwenye kusema kwamba ubunifu hauliwi na aende akawaulize watu hao walikula nini.

Sisemi kwamba kila kijana mchoraji atapata mali. Wengi hawatapata, kama vile wavuvi wengi hawapati. Lakini hapana mzazi amkatazaye mwanawe kwenda baharini kwa sababu wavu hurudi mtupu siku nyingine. Kwa uvuvi tuna subira. Kwa kalamu hatuna.

Jibu la tatu ni la walimwengu wa elimu: mtihani. Kijana aache mchezo asome. Mimi ni mwalimu, na mtihani naujua. Lakini wanaotoa jibu hili wamesahau kwamba shule yenyewe imekwisha kubadilika. Tangu mwaka 2019 Kenya imeanza kufuata kote nchini mtaala wa umilisi, ambao umechukua hatua kwa hatua nafasi ya mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985. Katika sekondari ya juu mtaala huu una njia 3: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, sayansi za jamii, na sanaa pamoja na michezo. Kwa maneno mengine, serikali imeandika katika vitabu vyake kwamba uchoraji, muziki na uigizaji ni elimu. Je, kijana atafikaje katika njia ya tatu akiwa hana alichokizoeza? Mwalimu hawezi kukuza katika vipindi vichache vya juma mkono uliofungwa nyumbani siku zote 7. Na mwalimu ambaye naye huichana karatasi ya mchoro aliyoikuta ndani ya daftari la hesabu, pasipo kuitazama kwanza, asijifanye kuwa mtetezi wa masomo. Aliyoichana ilikuwa somo pia.

Jibu la nne hujificha nyuma ya methali. Watu husema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, kwa hiyo kijana asisifiwe asije akaharibika. Methali ni kweli, lakini imewekwa mahali pasipo pake. Mgema husifiwa baada ya kugema. Kijana huyu bado hajaruhusiwa hata kuupanda mnazi. Wengine husema samaki mkunje angali mbichi. Nami nasema vivyo hivyo. Lakini kukunja si kuvunja, na kila apikaye samaki anajua tofauti yake. Mtoto akunjwe afuate adabu, ukweli na kazi. Asivunjwe akaogopa kutumia macho yake mwenyewe.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo wengi hawapendi kulisikia, nami sitalipunguza. Mzigo huu haugawiwi sawasawa. Katika nyumba nyingi saa ninayoidai imekwisha kutolewa, ila imetolewa kwa mvulana peke yake. Kijana wa kiume akitoka pwani, kazi yake imekwisha. Hukaa barazani, huchonga kimashua cha kuchezea, hupiga gumzo, na watu husema anapumzika. Dada yake akitoka shuleni, kazi yake ndiyo kwanza inaanza. Ikiwa vipaji havichagui mvulana wala msichana, na hapana aliyethubutu kuthibitisha kwamba vinachagua, basi nyumba ya namna hiyo hutupa nusu ya utajiri wake kila jioni pamoja na maji ya kuoshea vyombo.

Tena historia yetu wenyewe inatuhukumu. Mwana Kupona binti Mshamu, mwanamke wa pwani ya Lamu na Pate, alimtungia binti yake utenzi mwaka 1858 akiwa mgonjwa. Alikuwa mke na mama, na nyumba ilikuwa ulimwengu wake. Utenzi ule umesomwa mpaka leo, na wasomi wa nchi nyingi wameuandikia vitabu. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba huko Unguja, alikuwa mfinyanzi na mchuuzi wa vyungu. Alivitembeza akivinadi kwa sauti, na sauti ile ndiyo iliyompeleka mpaka Bombay mwaka 1928 kurekodiwa katika sahani za santuri. Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Kama mtu angalimwambia Siti anyamaze abebe vyungu vyake, Kiswahili chote kingalikuwa maskini zaidi. Haya hayakutokea Ulaya. Yalitokea katika bahari hii hii, miongoni mwa wanawake waliopika na kufinyanga.

Kwa wale wanaotaka sheria badala ya hoja, sheria ipo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto ulipitishwa mwaka 1989, na Kenya iliuridhia mwaka 1990. Kifungu chake cha 31 humpa mtoto haki ya kupumzika na kucheza, na haki ya kushiriki katika utamaduni na sanaa. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto ulipitishwa mwaka 1990, na Kenya iliuridhia mwaka 2000. Nao una kifungu cha 31, na humo mtoto hupewa wajibu: kuitumikia jamaa yake ili iwe moja, kuwaheshimu wazazi na wakubwa zake, na kuwasaidia wanapohitaji msaada. Nambari zimesadifiana, nami nafurahi kwamba zimesadifiana. Mzazi asomaye kifungu kimoja na kuficha cha pili hudhulumu. Kijana afanyaye hivyo hudhulumu pia. Ua wa nyumba yenye haki una vifungu vyote viwili.

Kwa hiyo nageuka sasa kwako wewe, kijana msomaji, usije ukadhani kwamba makala haya yameandikwa kwa kukubembeleza. Umefurahi kuona wazazi wakihojiwa. Hojiwa na wewe.

Husema kwamba nyumbani hakuna kitu cha kukufundisha, na kwamba kipaji chako kitaamka siku utakapofika Mombasa au Nairobi. Umekosea. Litazame dema la kunasia samaki, au lema kama waitavyo wengine. Fito zake zimesukwa zikafanya matundu ya pembe sita, yanayolingana safu kwa safu, na mlango wake umepindwa hata samaki aingie asijue kutoka. Aliyelisuka hakuwa na rula wala bikari. Unaweza kulichora dema lile bila kukosea pembe? Utazame mkeka wa bibi yako. Ukili wake ulisukwa mrefu kwanza, kisha ukashonwa ukizungushwa, na nakshi zikakutana mahali pake kana kwamba zilipimwa kwa uzi. Nani alizihesabu, na alizihesabu vipi? Sikiliza mlio wa mbuzi ya nazi, na mpigo wa mchi katika kinu wakati watu wawili wanapopokezana. Msikilize mzee asemaye Kivumba, maneno ambayo hayamo katika kitabu chako cha shule. Mambo haya yako uani kwenu, hayalipiwi nauli, nayo yanaondoka mmoja mmoja pamoja na wazee. Mbunifu asiyeyaona ya kwao atayaiga ya wengine, na wenyewe wa mambo hayo watamshinda daima.

Husema pia kwamba hupati nafasi. Nimekwisha kukutetea kwa hilo. Basi nijibu kwa ukweli. Ile nusu saa uliyopewa jana, uliifanyia nini? Kama uliitumia kutazama katika simu vitu vilivyobuniwa na vijana wa nchi nyingine, basi hukubuni. Ulikuwa mtazamaji wa ubunifu wa watu. Simu ni chombo kizuri mkononi mwa mwenye shauri. Kwa asiye na shauri ni mdomo wa dema. Saa ninayokudai mimi ni saa ya mikono, ambayo mwisho wake kuna kitu kilichoongezeka duniani: mstari, ubeti, kimashua, nakshi, hadithi ya ukurasa mmoja. Kiwe kibaya, kesho kitakuwa kibaya kidogo. Lakini kiwepo.

Wala usiitumie sanaa kuwa ngao ya kukimbilia kazi. Anayesema hawezi kuteka maji kwa kuwa yeye ni msanii amefanya mambo mawili mabaya: amemwongezea mama yake ndoo, na amewapa maadui wa sanaa ushahidi waliokuwa wakiutafuta. Teka maji yako, tena yawe yamejaa. Paa samaki wako vizuri. Halafu simama mbele ya wazazi wako kwa heshima na useme: "Shikamoo baba, shikamoo mama. Kazi zangu nimezimaliza. Naomba saa moja iwe yangu, na mwisho wa mwezi nitawaonyesha nilichokifanya." Sijui mzazi wa Wasini, wala wa Msambweni, wala wa mahali pengine popote, ambaye maneno hayo hayatamgusa. Na kama wewe ni mvulana, ongeza neno moja: kwamba dada yako naye apewe saa kama yako, na vyombo vya siku hiyo utaviosha wewe. Ukiona aibu kulisema hilo, jua kwamba ulichokuwa ukikidai ni upendeleo, wala si haki.

Kwa mzazi nina ombi dogo, nalo halihitaji fedha. Siku utakapomkuta mwanao amekaa kizingitini na kalamu au kisu cha kuchongea, usiulize kama hana kazi. Uliza, "Unafanya nini?" Kisha ungoje jibu. Huenda lisikupendeze. Huenda mchoro ukawa mbaya na shairi likawa na vina vilivyopotea. Hata hivyo utakuwa umejua jambo juu ya mtoto wako ambalo jana hukulijua, naye atakuwa amejua kwamba katika ua ule alimofagia tangu alfajiri, pana mahali pake pa kukaa.

Visiwa vyetu vimezoea kuwapeleka vijana bara na kungoja barua, na siku hizi kungoja simu. Wengine wataondoka kwa kutafuta riziki, na hapana awezaye kuwazuia. Lakini wapo waondokao kwa kuwa hawakuwahi kuona nyumbani mahali pa kuweka kile walichonacho. Hao tungeweza kubaki nao. Bei yao ilikuwa saa moja kwa siku, na sisi tuliona ni ghali.